Mhakiki wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kikao kimekwisha. Nimejifungia ofisini.

Mkuu wa kitivo alituonyesha grafu ukutani. Mstari mwekundu ni uchumi wa nchi. Wa bluu ni makala za utafiti wa tiba zilizoandikwa na watu wetu. Inapanda yote miwili, sako kwa bako. Uchumi ukikua, alisema, maabara zinajengwa, mashine zinanunuliwa, watu wanaandika. Makofi! Hata mimi nilipiga. Mikono haina akili.

Halafu akazima mashine, na huku akikunja nyaya akasema kwamba katika makala zote hizo hakuna hata moja iliyopita kwenye jarida letu. Zote zimetoka kwenye majarida ya nje. Sasa hili letu linamtumikia nani? Kwa hiyo toleo jipya likitoka kabla Aprili haijaisha, sawa. Lisipotoka, jarida litafungwa na chumba hiki watapewa watu wa mawasiliano. Mlangoni akanishika bega: si kwamba hatukuthamini, Mama Jarida. Mama Jarida! Walioanza kuniita hivyo ni wahudumu wa ofisi, kwa utani. Nililipenda jina hilo, maana hakuna mwingine anayeniita mama.

Kanuni inadai makala nne kwa toleo. Ninazo tatu. Na kanuni yenyewe niliitunga mimi, enzi hizo nina kimbelembele na kabati limejaa makala mpaka mlango haufungi. Tulikuwa wahariri wanne humu ndani, tunagombania kiti chenye magurudumu. Nchi haikuwa na kitu. Kuchapisha nje ilikuwa ndoto ya mchana, kwa hiyo kila daktari aliyegundua jambo alilileta hapa, limeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi za kliniki, nasi tukalinyoosha kwa lugha yetu ili hata muuguzi wa zahanati ya mwisho kabisa alielewe. Kisha nchi ikapata. Mmoja wetu akachukuliwa na hospitali ya binafsi. Wa pili akafungua maabara yake. Wa tatu aliitwa na Mungu, huyo simlaumu. Na siku hizi chuoni hupandi cheo mpaka makala yako itoke nje.

Kiti chenye magurudumu ni changu peke yangu sasa. Gurudumu moja limevunjika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Darubini.

Ni mwanafunzi wangu wa mwisho, wa mwisho kumlea kwa mkono wangu. Jina nilimpa mimi, kwa sababu mwaka wa kwanza mlinzi alikuwa akimtoa maabara kwa kumbembeleza. Sasa yuko kwenye taasisi mpya ya utafiti, lile jengo la vioo. Amekuwa akiwafuatilia akina mama waliopanda presha wakiwa wajawazito, aone kama inashuka baada ya kujifungua au inabaki inawala kimyakimya. Kazi nzuri mno! Na aliniahidi mwenyewe, mkono kifuani: hiyo yako, Mwalimu, itatoka kwenye jarida letu.

Siku ya kuagana alisimama mbele ya darasa akaniigiza. Miwani kwenye ncha ya pua, shingo imepinda: “Wale ambao hawakurudi, walikwenda wapi?” Darasa zima likavunjika mbavu. Ndilo swali langu kwa kila makala tangu nianze kazi hii. Watu huandika sana habari za wagonjwa waliorudi kliniki. Waliopotea huwamaliza kwa mstari mmoja.

Leo: “Shikamoo Mwalimu! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi.” Mwongo mtamu. Nikamuuliza habari za makala. Data bado anaisafisha, akasema, kuna namba hazijakaa sawa. Nikamweleza habari za kikao na mwisho wa Aprili. Akasema atajitahidi. Akaniuliza kama nakula vizuri. Simu ikaisha.

Watu wakianza kukuuliza kama unakula vizuri, ujue wameshakuweka kwenye fungu la wagonjwa.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kapiga, kama kila Jumapili. Dada, bado umeolewa na hicho kijarida? Nikamwambia ndoa ina matatizo. Akacheka mpaka akapaliwa. Anataka nihamie kwake. Watoto wameondoka, chumba kipo, mume wake hana neno. Nikasema nitafikiria. Anajua maana yake.

Ng'ambo ya barabara wanajenga kituo cha vipimo, ghorofa juu ya ghorofa. Jengo limefika usawa wa dirisha langu la nyumbani. Zamani nilikuwa naona anga, sasa namwona fundi rangi. Leo kanipungia mkono — na Jumapili anafanya kazi, maskini. Nikampungia. Nimeshtuka jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa sijatazamana na mtu tangu Ijumaa.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kulikuwa na baruapepe kutoka jarida moja kubwa la nje. Wananiomba niwahakikie makala. Kazi ya uhakiki haina malipo wala sifa: unasoma kazi ya mtu, unasema inafaa au haifai, na yote ni siri. Mwandishi haambiwi nani kamhakiki. Mhakiki naye hapewi jina la mwandishi. Huwa nakubali. Angalau kuna mtu mahali fulani anayetaka maoni yangu.

Nikafungua. Presha baada ya kujifungua. Nikasema, aha, kumbe kuna mwingine anayefanya kazi kama ya Darubini. Nikafika ukurasa wa pili, nikasoma aya moja mara tatu.

Namna walivyowafuatilia akina mama: kila mmoja kaandikisha namba yake ya simu na namba ya jirani. Siyo ya mume. Ya jirani! Mume anaweza kuhama, simu inaweza kuuzwa, lakini jirani hujua mtu kaenda wapi na lini atarudi. Hilo halimo kwenye kitabu chochote. Nilimwambia Darubini mwenyewe, tumekaa kwenye ngazi za kliniki tunakula karanga, akaandika kiganjani kwa sababu hakuwa na karatasi.

Data bado anaisafisha! Imeshasafishwa, imepigwa pasi, imekunjwa, imepelekwa nje. Alipokuwa ananiuliza kama nakula vizuri, ilikuwa imeshaondoka.

Nimelia. Kisha nikanawa uso, maana mhudumu alibisha hodi achukue takataka.

Alhamisi, 13 Machi

Ukimtambua mwandishi unatakiwa ukatae kuhakiki. Ndiyo sheria, na mimi nimeifundisha.

Nimefungua baruapepe, nimefunga. Sijakataa. Sijakubali.

Jumamosi, 15 Machi

Wazo limenijia nikiwa nafua. Mikono ndani ya povu, wazo hilo hapo, wala halikubisha hodi.

Mhakiki akisema haifai, wale wa nje watairudisha. Darubini atakuwa na makala mkononi na hana pa kuipeleka upesi. Ataileta wapi? Kwangu! Toleo linatimia, chumba kinabaki, na yeye anarudi kukaa pale kwenye kiti cha wageni, tunabishana juu ya koma kama zamani. Maneno machache tu ya baridi. Mhakiki hata haweki saini.

Mchana akapiga muuguzi wa zahanati moja ya mbali, msomaji wetu wa miaka mingi. Toleo jipya vipi, Mama? La mwisho tulilibandika chumba cha sindano, limefifia, sasa tunasoma kwa kukumbuka. Tukacheka. Halafu akauliza: na yule binti aliyekuja kuwapima wamama wetu presha, majibu yake tutayaona lini? Sisi ndio tuliomtafutia majirani, wengine tuliwafuata kwa miguu. Nikamwambia yanakuja. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba yakitoka huko nje yatakaa nyuma ya mlango wa kulipia, tena kwa lugha anayoisoma kwa taabu.

Grafu ya mkuu wa kitivo haina mstari wa muuguzi huyu.

Kwa hiyo sasa wazo baya limepata sababu nzuri. Ndiyo inayonitisha. Lingekuwa baya tupu ningeshalifukuza.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu kapiga. Sauti yako imekuwaje? Mafua, nikasema. Nilitaka kumweleza, nikaacha. Siri za uhakiki si za kumwaga, na hata ningezimwaga, ningeanzia wapi kumweleza mtu anayeuza vitambaa?

Nikajikaza kisabuni, nikakaa mezani. Nimeisoma makala mara ya kwanza kama adui. Nimetafuta kosa kama anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Mara ya pili nikasahau kutafuta, nikawa nasoma tu. Mtoto huyu ameiva! Kila nilichomfundisha kimo, na vingine ambavyo sikuvijua mimi. Kuna jedwali moja nimelitazama mpaka chai imepoa.

Zamani nilimwambia: kazi mbovu nitaikataa hata ikiwa yako. Basi na nzuri niipitishe, hata ikiniumiza mimi. Nimeshavunja sheria kwa kutokataa. Sitaongeza kudanganya.

Nimeandika ichapishwe, na marekebisho madogo. Nimeisifia namba ya jirani — nimejizuia nisiisifie kupita kiasi. Nimeongeza swali moja kuhusu wale akina mama waliokuja mara moja wakapotea, maana kawapita kwa mstari mmoja, kawaida yao. Nikabonyeza. Imeenda.

Sasa ni jioni, na nimefanya jambo jema kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na hakuna mtu hata mmoja duniani ninayeweza kumwambia. Fundi rangi naye kamaliza upande huu. Dirisha lake limefungwa vioo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimewaomba madaktari watano makala. Wote waungwana, wote wameniita profesa, wote jibu moja: kwenu haihesabiki. Yaani kwenye kupanda cheo. Mmoja alikuwa mwanangu wa darasani, makala yake ya kwanza kabisa ilitoka hapa, akiwa hajui kuandika aya. Nilimfundisha aya!

Mchapaji kaleta nakala ya mfano ya toleo. Ameshapanga makala tatu, mwishoni kurasa nyeupe. Hizi niziachie, Mama? Ziachie. Akazipapasa, mzee wa watu, amelichapa jarida hili tangu lilipoanza. Akasema hao wa kituo cha vipimo wanatafuta pa kutangaza, hela wanazo, kurasa zingejaa kwa siku moja. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia jarida la tiba si ukuta wa kubandika matangazo. Akachukua kofia yake akaondoka bila kumaliza maji niliyomkaribisha.

Alikuwa ananisaidia tu. Kesho nimpigie.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia. Kasema wala hakuudhika. Kaudhika.

Jumanne, 22 Aprili

Kaja kijana na futi kupima chumba. Kabati hili linatoka? Linatoka, nikasema, kwani mimi ni nani. Akapima mpaka ukuta ulio nyuma ya kiti changu, ikabidi nisimame ampishe.

Jioni Darubini kapiga. Sauti imepanda, imeshuka, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mzigo. Mwalimu, nakuja kwako Jumapili. Nina jambo la kukuambia, na usiponisamehe nitaelewa. Nikamwambia njoo tu, mwanangu.

Mwanangu. Limenitoka lenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimenunua sukari. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha wageni hapa nyumbani. Nimejitazama kwenye kioo nikijizoeza kushangaa: “Ala! Kumbe uliipeleka nje?” Naonekana kama anayeumwa jino.

Toleo linatakiwa litoke Jumatano, mwisho wa Aprili. Makala bado tatu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika haraka, yuko jikoni.

Amekuja mchana na mfuko wa machungwa. Hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni, viatu miguuni, akasema yote kwa pumzi moja: makala ilishakwisha tangu Januari, aliipeleka nje, alinidanganya kwenye simu, na usiku ule hakulala. Kamati ya vyeo inahesabu za nje tu. Bila hiyo atabaki msaidizi mpaka azeeke. Wenzake wote wameshampita, hata wale aliokuwa akiwafanyia hesabu zao. “Mwalimu, ningeileta kwetu ningekuwa nimejizika. Lakini kukudanganya ndiko kunaniua.”

Nikashangaa kama nilivyojizoeza. Vibaya sana. Bahati nzuri alikuwa analia, hakuniona. Nikamwambia vua viatu, kaa.

Akakaa kwenye kiti cha wageni, akajifuta, na baada ya muda uso ukachanua. Imekubaliwa! Marekebisho madogo tu. Akatoa karatasi za wahakiki kwenye mkoba, anataka anisomee, kama alivyokuwa akiniletea matokeo ya mtihani. Wa kwanza aliandika kwa ufupi na kwa ukavu, tukamcheka pamoja. Kisha akashika karatasi ya pili kwa mikono miwili.

“Huyu wa pili, Mwalimu, sijui ni nani. Amenielewa. Ameisifia namba ya jirani! Nilikuwa ofisini, nikaenda chooni kulia. Sijawahi kusomwa namna hii.” Akainyoosha karatasi. “Natamani ningemjua, nimshukuru tu.”

Nikatazama machungwa. Nikasema labda ni mzee fulani wa huko nje, amekula chumvi nyingi, ana muda.

“Labda,” akasema. “Lakini mzee wa huko nje atajuaje habari za jirani?”

Nikachukua chungwa nikaanza kulimenya, na ganda likawa linakatika vipande vipande.

Akasema kuna swali moja mwishoni hakuelewa vizuri huyu mhakiki anataka nini, ameshaandika jibu la kukwepa, lakini angependa nimsaidie kabla hajalituma. Lugha yenyewe ya kigeni ameisoma mara nyingi mpaka maneno hayamwambii kitu tena. Ngoja nikutafsirie, akasema. Akaweka kidole kwenye mstari, akaanza polepole, neno kwa neno, akilitafuta kila moja kwa lugha yetu:

“Anasema… wale ambao hawakurudi… walikwenda wapi.”

Kidole kikasimama.

Akalirudia, kwa sauti ndogo zaidi, na safari hii lilitoka lote kwa mara moja, na shingo yake ilipinda kidogo kama siku ile ya kuagana, nadhani bila yeye kujua. Mimi nilikuwa na chungwa mkononi, juisi inanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Niliandika swali hilo kwa lugha ya watu! Nilidhani kwa lugha ya watu halina sauti yangu. Mjinga mimi. Miaka yote hii nawaambia wanafunzi mhakiki hujificha, kisha najificha nyuma ya swali ambalo darasa zima linaliimba.

Hakuniangalia. Aliangalia meza. Nakala ya mchapaji ilikuwa hapo, sikuwa nimeiondoa. Akaivuta. Akafunua makala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kwenye kurasa nyeupe akazifunua moja moja mpaka jalada la nyuma, kama mtu anayesoma. Alijua mwisho ni Jumatano. Nilimwambia mwenyewe kwenye simu, mwezi wa tatu, na bado alikumbuka.

“Ungesema tu haifai,” akasema. Sijui alikuwa ananiambia mimi au anaiambia nakala.

Kisha akasimama. Ngoja nichemshe chai, Mwalimu.

Ndiyo yuko huko. Simu yangu inalia, mdogo wangu, leo ni Jumapili. Sipokei. Darubini hajui sukari ilipo na hajauliza. Sijui nitamwambia nini akirudi. Nikikubali, nimevunja siri na makala yake inaweza kutiliwa shaka. Nikikataa, nimemdanganya mtoto aliyetoka kuniomba msamaha kwa kunidanganya. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, unaruka kwa furaha kama wa msichana. Kuna mtu amenijua.

Maji yamechemka zamani, nasikia mfuniko wa sufuria unaruka. Mbona harudi? Nimemwita. Hajaitika.

Sasa ndiyo naona — nakala ya mchapaji haipo mezani. Ameenda nayo jikoni, pamoja na zile kurasa nyeupe. Na kalamu niliyokuwa nimeiweka juu yake haipo.

Amezima jiko. Vikombe vinagongana, na hatua zake zinakuja huku —